Aru: Fimbo ya mzee si aibu, wala haichaguliwi kwa kubahatisha

Ukitaka kujua ni watu wangapi wanaoumwa magoti na nyonga katika wilaya ya Aru, usianzie hospitalini. Nenda Ariwara siku ya soko, simama kando ya barabara asubuhi, uangalie wazee wanavyofika. Mmoja ameegemea mwavuli uliofungwa. Mwingine ameshika mpini wa jembe la zamani. Mama mmoja anasukuma baiskeli ambayo hana nia ya kuipanda; anaisukuma kwa sababu inamshikilia. Mzee mwingine ameweka mkono begani kwa mjukuu, na mjukuu huyo leo hakwenda masomoni.

Wote hao wamekwisha kujichagulia kifaa cha kuwasaidia kutembea. Walichagua peke yao, kwa kile kilichokuwa karibu, bila mtu wa kuwaambia urefu unaofaa, mkono wa kushikia, wala kama kifaa hicho kinapatana na ugonjwa wao. Ndiyo sababu wengi, baada ya muda, huanza kuumwa bega au mgongo juu ya goti lile lile la zamani. Kisha wanachoka, wanakaa nyumbani, na familia inasema: "Mzee amezeeka, ndivyo ilivyo."

Maoni yangu ni kwamba si lazima iwe hivyo. Jimboni Ituri tunazungumza kila siku juu ya vita, barabara, dhahabu na mpaka, na ni haki tuzungumze. Lakini mtu asiyeweza kufika chooni, kanisani au shambani kwa miguu yake amepoteza kitu kikubwa, hata kama kijiji chake kina amani. Kumpa fimbo inayomfaa ni kazi ya afya sawa na kumpa dawa. Kazi hiyo inapaswa kufanywa na watu waliofundishwa, kwa bei ambayo mkulima wa Adi au wa Laybo anaiweza.

Jina moja, magonjwa mengi

Wengi wetu tunaita maumivu yote ya viungo "rimatizi". Chini ya jina hilo kuna magonjwa tofauti, na kila moja linataka msaada wake.

Linaloonekana zaidi ni artrozi. Ncha za mifupa kwenye kiungo zimefunikwa na gegedu, kitu kigumu lakini chenye utelezi, kinachofanya mifupa isisuguane. Gegedu hilo likiharibika, mtu anaumia akitembea na anapata nafuu akipumzika. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani waliishi na artrozi, na goti ndilo liliongoza kwa watu milioni 365. Karibu asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake. Umri, uzito wa mwili, ajali za zamani na kazi nzito ya kupiga magoti na kubeba mizigo, yote huchangia. Mama wa Aru anayelima, anayechota maji na kubeba kuni tangu utoto hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna pia ile ambayo madaktari huita poliatriti, ambapo mwili wenyewe unashambulia viungo vyake. Hii mara nyingi huanzia vidoleni na kwenye vifundo vya mikono, pande zote mbili, na asubuhi mikono hukakamaa kwa muda mrefu, hata zaidi ya saa moja. OMS inakadiria watu milioni 18 duniani kwa mwaka 2019, na asilimia 70 kati yao ni wanawake. Mgonjwa wa namna hii anahitaji daktari mapema, kwa maana dawa zake zikichelewa viungo hupinda na havirudi tena. Na tusisahau vijana wenye ugonjwa wa damu wa SS, ambao nyonga zao zinaweza kuharibika wakiwa bado na umri wa kusoma. Kijana anayechechemea apelekwe kupimwa. Asiambiwe tu kwamba ni mvivu.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua kifaa. Mwenye goti moja bovu na mikono yenye nguvu anaweza kusaidiwa na fimbo moja. Mwenye vidole vilivyovimba akipewa fimbo hiyo hiyo, tumemhamishia maumivu kutoka mguuni hadi mkononi.

Fimbo ipimwe kama kiatu

Tuanze na fimbo, kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo inayokosewa zaidi.

Kosa la kwanza ni mkono. Watu wengi wanashika fimbo upande wa mguu unaouma. Mguu wa kulia ukiuma, fimbo ishikwe kwa mkono wa kushoto. Mtu anapotembea, mguu wa kulia na mkono wa kushoto huenda mbele pamoja. Fimbo ikiwa upande huo wa pili, inapokea sehemu ya uzito wakati mguu mbovu unapokanyaga, na mwili unabaki wima.

Kosa la pili ni urefu. Fimbo za heshima za wazee wetu ni ndefu, nyingine zinafika kifuani. Fimbo hiyo inafaa kumtambulisha mwenye kijiji, lakini anayeiegemea siku nzima anainua bega na kuchosha shingo. Kipimo ni rahisi. Simama wima, ukiwa umevaa viatu vya kila siku, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ukiishika, kiwiko kikunjike kidogo tu. Ikiwa fupi mno, mtu anatembea ameinama na mgongo utamlipisha.

Kosa la tatu ni ncha. Fimbo isiyo na mpira chini huteleza kwenye sementi iliyolowa na huzama kwenye udongo wetu mwekundu wakati wa mvua. Kipande cha tairi kuukuu, kilichokatwa kwa upana na kufungwa vizuri, kinasaidia. Kila mwezi mtu aangalie: mpira ukiwa umelika, ubadilishwe. Na kichwa cha fimbo kisiwe duara dogo linalochoma kiganja. Kiwe kipana, cha kulaza mkono. Mwenye vidole vinavyouma azungushiwe mpira wa ndani wa baiskeli au kitambaa hadi mshiko uwe mnene, kwa sababu kushika kitu chembamba kwa nguvu ndiko kunakoumiza viungo vya vidole.

Kuna pia namna ya kupita kwenye ngazi au kizingiti. Ukipanda, mguu mzima utangulie. Ukishuka, fimbo na mguu unaouma vitangulie. Muuguzi anaweza kufundisha hayo kwa dakika kumi tu.

Fimbo isipotosha

Miguu yote miwili ikiuma sana, au nyonga ikiwa imeharibika, fimbo moja haitoshi. Hapo mikongojo miwili, yaani bekiyi kama tunavyosema, inafaa zaidi. Ile ya mbao ya kwapani ndiyo inayojulikana kwetu, na ndiyo inayotumiwa vibaya. Uzito ubebwe na mikono, kwapa lisiegemee. Kati ya kwapa na mkongojo ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Anayejining'iniza kwa kwapa anabana mishipa ya fahamu, na mkono unaweza kufa ganzi. Mikongojo ya aluminiamu inayoshika mkono chini ya kiwiko ni myepesi na hurekebishwa urefu, lakini kabla ya kulipa, bonyeza kile kitufe cha kurekebishia, kisha uiegemee kwa nguvu uone kama inashika.

Mwenye poliatriti, ambaye mikono haiwezi kukamata, anahitaji mkongojo wenye sehemu ya kulaza mkono wote, ili uzito uende kwenye mfupa wa mkono wa chini na si vidoleni. Huo hauonekani madukani kwa urahisi, lakini fundi mzuri wa mbao akionyeshwa mfano anaweza kuutengeneza.

Fremu ya miguu minne inafaa mtu ambaye hana usawa na anaogopa kuanguka, mradi atembee kwenye uwanja tambarare. Nyumbani, kwenye sementi, ni msaada mkubwa. Kwenye njia yenye mawe na mifereji ya mvua, fremu hiyo ni mtego. Ile yenye magurudumu madogo inakwama kwenye kokoto ya kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza la anayechagua kifaa liwe hili: mtu huyu anatembea wapi kila siku? Kuna mtu anayehitaji fremu ndani ya kiwanja na mwana wa kumshika mkono akitoka. Kuna mwingine ambaye baiskeli ya kusukuma, breki zikiwa nzima, ni msaada mzuri kuliko kitu chochote cha dukani.

Kiti cha magurudumu kije mwisho, au kiwe cha safari ndefu tu. Mwenye artrozi anayekaa siku nzima anapoteza nguvu za mapaja, na mapaja dhaifu yanaliachia goti mzigo wote.

Zawadi zisizouliza

Hapa nataka kusema jambo ambalo huenda halitawapendeza watu wote. Kila tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wanaoishi na ulemavu, ni desturi katika miji yetu kugawa baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazozungushwa kwa mikono. Zimewasaidia sana walioachwa na polio. Watu wenye mabega yenye nguvu wamefanyia biashara kwenye mipaka ya Congo kwa miaka mingi na kulisha familia zao.

Lakini mama wa miaka 65 mwenye vidole na mabega yanayouma hawezi kuzungusha mikono hiyo. Akipewa, ataegesha kando ya nyumba, kuku watalalia, au mtoto wa jirani ataichukua kubebea mizigo. Nayo mikongojo inayokuja kutoka Ulaya ndani ya makontena ilipimwa kwa mwili wa mtu mwingine. Nawaomba wafadhili, makanisa na wanasiasa: kabla ya kununua, ulizeni, na baada ya kugawa, rudini kuangalia kama kinatumika. Kifaa kisichopimwa ni hasara kwa aliyetoa, na kwa aliyepokea kinaweza kuwa hatari.

Aibu, dawa za soko na maneno ya uchawi

Wazee wengi wanakataa fimbo kwa sababu ya aibu. Mama wa miaka 50 anasema watu watamwita bibi kizee. Baba anasema wanawe watadhani amekaribia kufa, waanze kugawana shamba. Wengine wanasema ukizoea fimbo, mguu utalala. Ukweli ni kinyume. Anayeogopa maumivu hutembea kidogo, misuli inapungua, na ndipo mguu unapolala. Fimbo inampa nafasi ya kuendelea kutembea.

Badala ya fimbo, wengi hununua vidonge. Diklofenaki, indometasini na deksa huuzwa sokoni kama karanga, bila karatasi ya daktari. Vinatuliza, ndiyo. Lakini vikitumiwa mwezi baada ya mwezi bila uangalizi, hutoboa tumbo na kuharibu figo, na deksa hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa yenyewe. Familia inayohesabu pesa zinazokwenda kwenye vidonge kila wiki itaona kwamba fimbo iliyotengenezwa vizuri, inayodumu miaka, si ghali.

Kuna jambo zito zaidi. Goti likivimba, utasikia: "Alikanyaga dawa." Mguu ukikakamaa, jirani anatajwa. Wilaya ya Aru inapaswa kuogopa maneno haya kuliko wilaya nyingine. Katikati ya mwaka 2001, mamia ya watu waliuawa katika vijiji vyetu kwa kushtakiwa uchawi. Mzee aliyepinda mgongo, anayetembea polepole na kukaa peke yake, ni mtu rahisi kunyoshewa kidole. Kila mara muuguzi anapoeleza kwamba goti limevimba kwa sababu gegedu limelika, anamtibu mgonjwa, na huenda pia anamlinda jirani yake.

Haki iliyoandikwa

Hatuanzi bila sheria. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalum kulingana na mahitaji yao. Mwaka 2015 Congo ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Tangu 2019 serikali ina waziri mjumbe anayeshughulikia watu hao. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitiwa saini sheria namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki zao.

OMS nayo, mwaka 2016, ilitoa orodha ya vifaa 50 ambavyo kila nchi inapaswa kuvitafutia njia ya kuwafikia wananchi, na humo kuna fimbo, mikongojo na fremu. Ripoti yake pamoja na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji kifaa kimoja au zaidi cha kuwasaidia, na katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wenye mahitaji wanaokipata.

Sasa linganisha maandishi hayo na mzee wa Ingbokolo. Barabara ya kwenda Bunia inapita Djugu, na sote tunajua usalama wake, hata baada ya utawala wa kijeshi kutangazwa jimboni Mei 2021. Anayetafuta mtaalamu wa mifupa mara nyingi huvuka mpaka wa Vurra kwenda Arua, Uganda, kwa pikipiki na kwa shilingi. Mwenye uwezo huo ni mmoja, kumi wanabaki.

Yanayowezekana hapa hapa

Najua jibu litakalotolewa: kuna malaria, kuna majeruhi wa vita, kuna wakimbizi wa Sudan Kusini huko Biringi, fimbo inaweza kungoja. Lakini ni katika vita na ukimbizi ndipo asiyeweza kutembea anaachwa nyuma. Na ninachokiomba hakihitaji jengo jipya.

Kila kituo cha afya kiwe na utepe wa kupimia na muuguzi mmoja aliyefundishwa kupima fimbo na mikongojo, kufundisha matumizi yake, na kutambua anayepaswa kupelekwa kwa daktari: mwenye kiungo chekundu chenye moto na homa, mwenye mikono inayokakamaa kila asubuhi, au aliyeanguka na hawezi kukanyaga. Taasisi za ISTM za jimbo zinaweza kutuma wanafunzi wake kwa mafunzo hayo. Wasimamizi wa maeneo ya afya ya Aru, Ariwara, Adi na mengine wachague fundi wa mbao kila mahali, wampe mfano uliopimwa. Mikalitusi tunayo na matairi kuukuu tunayo.

Makanisa, kuanzia CECA 20 hadi Wakatoliki na Waanglikana, yawawekee wenye fimbo benchi lenye mgongo karibu na mlango, na yasiwalazimishe kupiga magoti. Wakuu wa mpaka wawape kiti wanaposubiri karatasi zao. Nyumbani, kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya shimo la choo kinamwondolea mzee mateso ya kuchuchumaa, ambayo ni mabaya kwa goti kuliko safari ya sokoni. Wamotari nao wapunguze mwendo wamwonapo mtu wa fimbo, na wampe muda wa kupanda.

Na ninyi wenzangu mlio Bunia, Kinshasa au Kampala, mnaotuma pesa kwa simu kila mwezi: kabla ya kumnunulia baba au mama kifaa, pigeni simu nyumbani. Ulizeni ni kiungo kipi kinachouma, mikono yake inashika namna gani, na anapenda kufika wapi kwa miguu yake. Mwambieni mdogo wenu apime kutoka chini hadi kifundo cha mkono, mzee akiwa amevaa viatu vyake, na awatumie hesabu hiyo. Kisha, kifaa kikifika, mpeni wiki mbili atembee nacho. Akisema kinamuumiza, msimwambie avumilie. Kipimwe tena.